Ukucha wa bandia mguuni: jinsi ya kuutunza baada ya kubandikwa

Ukucha wa kidole gumba uling'oka, nikawekewa wa bandia. Naruhusiwa kuoga lini?

Ukiwa umetengenezwa kwa jeli iliyokaushwa kwa taa, unaweza kuoga na kuvaa viatu siku hiyo hiyo. Uliobandikwa kwa gundi usiulowanishe kwa saa 24. Kila ukioga, kausha miguu mpaka katikati ya vidole.

Ukingo umeanza kunyanyuka. Niongeze gundi?

Hapana! Kosa hili ndilo linaloharibu kucha nyingi. Chini ya ukingo ulioachia huingia maji, sabuni na vumbi. Ukiziba kwa gundi unavifungia humo pamoja na bakteria na fangasi. Baada ya siku kadhaa ukucha wa asili unaweza kugeuka kijani, rangi inayotokana na bakteria wapendao unyevu. Kata sehemu iliyoachia tu kwa kikata kucha safi, lainisha kwa tupa, kausha. Ikiwa imeachia sehemu kubwa, utolewe wote.

Kwa nini wangu hung'oka mapema?

Tazama viatu kwanza. Kati ya ncha ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya sentimita 1 hivi. Ukucha unaozidi ncha ya kidole hugeuka wenzo: kila hatua kiatu kinausukuma, nao unachokonoa mzizi. Upunguze kwa tupa kila wiki, ukienda mnyoofu bila kuchimba pembeni.

Nitauvaa kwa muda gani?

Ukucha wa mguu hukua kama milimita 1.5 kwa mwezi, hivyo wa kidole gumba huhitaji miezi 12 hadi 18 kurudi wote. Wa bandia urekebishwe kila baada ya wiki 6 hadi 8. Ukitolewa, kagua ukucha wa asili kwenye mwanga. Mstari mweusi unaopanuka, au doa lisilosogea mbele ukucha unapokua, mwonyeshe daktari. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, alikuwa na saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa mguu, na awali ilidhaniwa ni jeraha la mpira.

Nautoaje nyumbani?

Usiubandue kwa nguvu. Utaondoka na tabaka za ukucha wako. Paka mafuta ya mgando kwenye ngozi inayouzunguka, kwaruza juu kwa tupa, weka pamba yenye asetoni (dawa ya kuondolea rangi ya kucha), funga kwa karatasi ya foili dakika 15 hadi 20, kisha sukuma taratibu. Ukigoma, rudia. Asetoni hushika moto upesi: kaa mbali na jiko la mkaa na kibatari.

Nina kisukari. Je, inafaa?

Muulize daktari kabla ya kubandika, kwa kuwa mguu uliopungukiwa hisia hausemi unapoumia. Ukibandikwa, kagua kila jioni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa: joto, uvimbe, usaha au harufu ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.