Bamvua ambayo setilaiti haiioni: kusoma mabadiliko ya mikoko ya Dar es Salaam

Kila zinapowekwa pamoja picha mbili za pwani yetu, moja ya miaka ya tisini na nyingine ya juzi, hukumu hutoka papo hapo: mikoko imekwisha, bahari imemeza ufukwe. Kazi yangu ni kuzisoma picha hizo, na ninamwomba yeyote anayetaka kuzitumia kutetea ardhi oevu za jiji hili aanze na swali moja. Kabla ya kutazama rangi, maji yalikuwa wapi picha ilipopigwa?

Setilaiti za Landsat za Marekani na Sentinel-2 za Ulaya huzunguka dunia kwa kufuata jua. Kwa hiyo hupita juu ya mahali fulani kwa saa ileile siku zote, na kwa Dar es Salaam ni saa nne na kitu asubuhi. Sasa muulize mvuvi wa Kunduchi habari za maji. Atakwambia kuwa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na jioni, kwenye saa kumi hadi saa kumi na moja, na hupwa saa nne kwenda saa tano. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, ila kujaa kwenyewe ni kudogo. Ukiziweka pamoja saa ya setilaiti na saa ya bahari utaona jambo ambalo ripoti nyingi hulipita: setilaiti hizi hukuta bamvua yetu ikiwa imekupwa. Ikijaa, zenyewe hazipo.

Hili si dogo. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita tatu, na pwani yenyewe ni tambarare. Picha ya siku ya bamvua huonyesha tope na mchanga hadi mbali sana. Ya siku ya maji mafu huonyesha bahari pale pale. Ukizilinganisha utachora ufukwe uliosogea mamia ya mita, na hakuna punje ya mchanga iliyohama. Mikoko nayo hudanganya kwa njia hiyo hiyo. Jani zima hurudisha kwa nguvu mwanga wa infraredi ya karibu, ambao macho yetu hayauoni, na maji huumeza mwanga huohuo. Fahirisi ya uoto, tunayoitumia kupima ukijani, hutegemea mwanga huo. Mililana, aina ya mikoko iliyosimama upande wa bahari, yenye majani machache, ikizungukwa na maji husomeka dhaifu kuliko ikizungukwa na tope. Mtu asiyeangalia jedwali la maji, lile la saa za kujaa na kupwa, ataandika kwamba miti imekatwa.

Kwa hiyo mimi huchagua picha kwa jedwali la maji kwanza, kisha kwa mawingu. Masika huharibu picha nyingi, hivyo Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kutegemea. Penye picha za kutosha, ni bora kukusanya za msimu mzima zenye maji ya kimo kinachokaribiana, kisha kuchukua thamani ya kati ya kila pikseli, yaani kila kitone kinachounda picha. Wingu la siku moja halitabaki humo.

Tatizo ni kwamba picha za zamani hazitoshi. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na pikseli yake ilikuwa na upana wa mita 80 hivi. Landsat 5 ya mwaka 1984 ilishuka hadi mita 30, lakini haikuwa na chombo cha kuhifadhi picha angani, hivyo maeneo yaliyokuwa mbali na vituo vya kupokea, Afrika Mashariki yakiwemo, yana mapengo makubwa. Landsat 7 ilikuja mwaka 1999, na kuanzia Mei 2003 picha zake zina mistari mitupu kwa sababu ya kifaa kilichoharibika. Afueni ilikuja na Landsat 8 mwaka 2013, kisha Sentinel-2 mwaka 2015 kwa pikseli za mita 10. Mstari wa mikoko wenye upana wa mita 40 kando ya kijito hauonekani vizuri katika picha ya mwaka 1972, lakini leo unaonekana wazi. Anayesema mikoko hiyo imeongezeka anapima ukuaji wa kamera.

Hata hivyo yapo mabadiliko yasiyobishaniwa. Mashamba ya chumvi ya Kunduchi ni mepesi kusoma: mistatili iliyonyooka, inayong'aa chumvi inapokauka, ndani ya eneo lenye asili ya mikoko. Mto Msimbazi ndio unaohitaji subira. Unateremka kutoka vilima vya Pugu, unapita Jangwani na kuingia baharini karibu na daraja la Selander. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 843,090 katika sensa ya mwaka 1978. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu wakiongezeka hivyo, udongo unaomomonyoka juu ya mto huja kutuama bondeni na mdomoni. Tope jipya likipanda kimo, miche ya mchu, aina nyingine ya mikoko, hupata pa kushika, na matete hujaa palipokuwa na maji wazi. Fahirisi hupanda, ramani inakuwa ya kijani, na mto unapungukiwa na nafasi ya kupitisha mafuriko. Waliohamishwa bondeni humo kwenda Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wanajua bonde likikosa nafasi maji huenda wapi. Kijani kikiongezeka Msimbazi, mimi huuliza kwanza udongo umetoka wapi.

Ukingo unaonitia wasiwasi zaidi ni ule wa nchi kavu, nyuma ya mikoko, kama kule kwenye mkondo wa Mzinga. Hapo ndipo kifusi humwagwa, kiwanja hupimwa na ukuta husimama, mita chache chache kila mwaka, chini ya ukubwa wa pikseli. Mpaka wa hapo huwekwa na bamvua kubwa, zile za Machi na Septemba, zinazofika mara chache na kuulowesha udongo wa mwisho. Rada ya setilaiti ya Sentinel-1 hupenya mawingu, na picha zake huweza kung'aa palipo na maji chini ya miti, lakini nayo hupita kwa saa zake, si za bahari. Ukingo huo inabidi tuupime kwa miguu. Bamvua ya Machi ikijaa, saa kumi jioni, tunatembea na jipiesi, kifaa cha kuonyesha mahali ulipo, mahali maji yanapoishia, tunaandika kila ukuta na kila rundo la kifusi tunalolikuta, kisha mistari hiyo tunaiweka juu ya picha za asubuhi. Wanafunzi, wavuvi na wenyeviti wa mitaa wa Mbagala na Mtoni wanaweza kuifanya kazi hii kwa simu zao, mradi waandike tarehe, saa na mahali.