Je, wajua kwa nini wengi waliolelewa na mzazi mlevi husimama imara ukubwani?

Usiku umekwenda. Mtoto kajifunika shuka, macho kafumba, lakini hajalala. Nje ufunguo unagonga kitasa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hauingii. Kwa sauti hiyo tu ameshajua baba amekunywa kiasi gani, kama leo ataanguka alale au atafoka, na kama inafaa amwamshe mdogo wake wahamie kwa mama. Hesabu yote hiyo anaimaliza kabla mlango haujafunguka.

Mtoto huyo akifika miaka 35 atakuwa mtu wa namna gani? Walimwengu wana jibu tayari: mtoto wa nyoka ni nyoka. Jibu hilo linauma, na kwa wengi wao si kweli.

Twende Kauai, kisiwa kimoja cha Hawaii. Mwanasaikolojia Emmy Werner na mwenzake Ruth Smith waliwafuatilia watoto wote 698 waliozaliwa kisiwani humo mwaka 1955, kuanzia mimba zao mpaka utu uzima. Kati yao, 49 walikuwa na mzazi mlevi. Mwaka 1986 Werner alichapisha habari za hao 49 walivyokuwa walipotimiza miaka 18. Asilimia 41 walikuwa wamelemewa na matatizo mazito. Asilimia 59 hawakuwa nayo.

Kwa nini hawa na si wale? Jambo moja lilijitokeza mapema mno. Waliosalimika wengi walikuwa wamepata, katika mwaka wao wa kwanza, mlezi aliyewashughulikia vya kutosha na asiyetoweka kwa muda mrefu. Watafiti walipoendelea kuwafuatilia hadi ukubwani, waliona kwamba waliomudu maisha walikuwa na watu wengi zaidi wa kuwategemea: bibi, shangazi, kaka mkubwa, mwalimu, jirani. Hakuna aliyehitaji kuwa malaika. Ilitosha awepo mtu ambaye leo yuko kama alivyokuwa jana, kwa sababu hicho ndicho ulevi unachomnyang'anya mtoto kwanza: hajui akirudi nyumbani atamkuta mzazi yupi.

Ndiyo maana nauona uzito katika kazi ya Steven Wolin na Linda Bennett, watafiti wa Marekani, waliochunguza mambo ambayo familia huyafanya kwa desturi, kama kula pamoja jioni na kuadhimisha sikukuu. Pale ulevi ulipovuruga desturi hizo, watoto walielekea zaidi kurithi ulevi. Pale familia ilipozishikilia, mzazi akiwa amelewa au hajalewa, hatari ilipungua. Chakula kikiwekwa mezani kwa saa yake, mtoto anapata kitu kimoja ambacho chupa haijakigusa.

Damu nayo ina sehemu yake, tusiifiche. Takriban nusu ya uwezekano wa mtu kuwa mraibu wa pombe inatokana na urithi, kwa hiyo aliyezaliwa na mlevi ana sababu ya kuwa mwangalifu na glasi kuliko wenzake. Lakini kinachorithiwa ni uwezekano tu.

Kuna kosa moja ambalo naliona mara nyingi, nalo ni kudhani kwamba kustahimili ni kuwa na moyo mgumu. Yule mtoto wa kitasa anakua, anasifiwa kazini kwa kuona matatizo kabla ya wengine. Kila mtu anamwita jasiri. Hawaoni kwamba bosi akifunga mlango kwa nguvu tumbo linamkaza, kwamba hajui kuomba msaada, na kwamba akiulizwa hali anajibu "sina neno" kabla swali halijaisha. Masikio yaliyomwokoa utotoni hayajaambiwa kwamba hatari imepita. Kwa mtu kama huyu, kazi ya ukubwani ni kuyapumzisha: kumsimulia mtu anayemwamini yaliyotokea, kupata mshauri, au kukaa na waliopita njia hiyo hiyo. Al-Anon, jumuiya ya ndugu wa walevi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1951, huwaambia wanaofika kwamba ulevi wa mwenzao hawakuusababisha, hawawezi kuudhibiti, wala hawawezi kuuponya. Nadhani hilo la kwanza ndilo wengi wamelisubiri tangu utotoni.

Na waliokwama je? Werner na Smith hawakuwaacha vijana wao kwenye miaka 18. Waliwatafuta tena wakiwa na miaka 32, kisha 40. Wengi wa waliokuwa wamepotea njia ujanani, wa mzazi mlevi na wa shida nyingine, walikuwa wameshageuka. Mmoja alirudi kusoma akiwa mtu mzima, mwingine aliingia jeshini, mwingine alipata jamii ya waumini iliyompokea, mwingine aliolewa na mtu mtulivu.