Utamu Hauji, Hukolea

Kila mwaka nikianza kufundisha fasihi simulizi, siku ya kwanza siandiki kitu ubaoni. Nasimama mlangoni na kuita, "Hadithi, hadithi!" Darasa zima huitikia bila kuambiwa: "Hadithi njoo! Uongo njoo, utamu kolea!" Kisha nawauliza: kwa nini hadithi inaambiwa "njoo", uongo unaambiwa "njoo", lakini utamu unaambiwa "kolea"? Hapo kimya hutanda. Tumeitikia hivyo tangu tukiwa mikekani kwa bibi zetu, na neno limezoeleka mpaka halisikiki tena.

Kukolea ni neno la jikoni. Chumvi hukolea kwenye mchuzi, sukari hukolea kwenye chai, rangi hukolea kwenye ukili. Kutiwa peke yake hakutoshi. Kitu hukolea kikisha kuingia, kikaenea, kikashika. Waliotunga kiitikio hicho walijua kwamba hadithi unaweza kuiita ikaja, na uongo vilevile, lakini utamu lazima upikwe. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kufuatilia maneno ya utamu katika Kiswahili pamoja na historia ya miwa ya pwani, na naamini huwezi kuvielewa vizuri ukivitenganisha.

Tazama maneno yenyewe. Muwa ni neno la Kibantu, na ndugu zake wako kwa majirani: Wakikuyu husema kigwa. Lakini sukari imetoka mbali. Kisanskriti kilikuwa na neno lenye maana ya changarawe, na ukitazama chembe za sukari kiganjani utaona kwa nini. Waajemi wakalipokea, wakawapa Waarabu, nasi tukalipata kwa Waarabu. Guru, lile la sukari guru, limetoka Bara Hindi. Halua ni ya Kiarabu. Hata asali ni ya Kiarabu, ingawa nyuki amebaki na jina lake la asili. Kwa hiyo kitu cha kukata shambani na kutafuna tuna jina letu wenyewe; kile cha kuchemsha, kupima na kuuza kimekuja na majina ya wafanyabiashara wa baharini. Mpaka kati ya muwa na sukari umechorwa ndani ya lugha, na naona hata historia imepita palepale.

Muwa wa kutafuna ni wa zamani pwani. Aprili 1498 merikebu za baharia Mreno Vasco da Gama zilitia nanga nje ya Mombasa. Mmoja wa wasafiri wake aliandika shajara, na humo anasema mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa kwa wingi, pamoja na pete iwe dhamana ya usalama. Hakupeleka sukari. Alipeleka miwa yenyewe, kama mgeni anavyokirimiwa kijijini hadi leo. Lakini hapakuwa na imani. Wareno waliwakamata watu wawili wakawadondoshea mafuta ya moto mwilini ili wakiri njama, na usiku watu wa mjini wakaogelea kimyakimya kwenda kukata amari za nanga. Tuna methali kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Safari hiyo nyoka alikula miwa, akabaki pangoni, na baada ya siku chache akang'oa nanga kwenda Malindi.

Methali yenyewe ya muwa ni fupi: tamu ya muwa kifundo. Nimeisikia ikifasiriwa kwa njia mbili. Wapo wanaosema utamu wa muwa huishia penye fundo, yaani kila raha ina mahali pa kukwama. Wengine husema asiyevumilia fundo haijui tamu ya muwa. Mimi nafuata fasiri ya pili, kwa sababu ndivyo muwa unavyoliwa. Unamenya kwa meno, unavunja pingili, unafyonza, unatema makapi, unafika kwenye fundo na taya zinauma. Ukilipita, pingili nyingine inakungoja, tena tamu zaidi kama unateremka. Muwa huiva kuanzia chini, na sukari hujaa shinani kabla ya kupanda. Bibi yangu alitukataza kuanzia shinani. "Ukianza na shina, ncha utaitupa," alisema. Baadaye nilifurahi sana kukuta kisa cha mchoraji wa China aliyeitwa Gu Kaizhi, aliyeishi karne ya 4. Naye alikula muwa kuanzia nchani, na alipoulizwa sababu akajibu kwamba hivyo ndivyo mtu anavyoingia pazuri hatua kwa hatua. Bibi yangu hakuwahi kusikia habari za Gu Kaizhi. Muwa uliwafundisha wote wawili.

Sasa twende kwenye sukari, na hapa nitakaa kidogo.

Nilielewa maana ya kukolea siku niliyoshinda kwenye jiko la sukari guru magharibi mwa Kenya. Miwa ilikuwa imekatwa asubuhi ileile. Ilipita kwenye kinu cha chuma, maji yakatoka na rangi ya kijani iliyochujuka, machafu, yenye povu, yakamiminwa kwenye karai kubwa kuliko mlango. Chini ulikuwa unawaka moto wa makapi ya jana yaliyokaushwa juani. Muwa unapikwa kwa mwili wake wenyewe. Kwa saa nzima kazi ilikuwa kuengua povu, kuengua tena. Kisha maji yakaanza kuwa mazito na sauti ikabadilika: mwanzo yalichemka kama maji ya ugali, mwishoni kila kiputo kilipasuka peke yake, pwa, pwa, kwa uzito. Mpishi alidondosha tone kwenye bakuli la maji baridi, akalitafuta kwa vidole. Liliyeyuka. "Bado halijakolea," akasema. Mara ya tatu likajiviringa kama gololi. Hapo watu wanne walikimbia kuliepua karai, kwa sababu likichelewa kidogo tu linaungua, na guru yote inakuwa chungu. Mikono ya mpishi yule ilikuwa na makovu mpaka kwenye viwiko.

Jambo nililojifunza pale ni kwamba muwa haungoji. Karafuu ukishaichuma unaianika, na ikikauka inakaa ghalani miezi. Nazi nayo hukaa. Muwa uliokatwa huanza kupoteza sukari tangu siku ileile, na maji yake yakikaa saa chache joto likiwa kali, yanachacha. Anayetaka sukari lazima akate, asage na achemshe mfululizo, usiku na mchana. Kwa hiyo shamba la miwa lenye kinu huwa na saa zake, na saa hizo hazimuulizi mfanyakazi kama amechoka.

Weka hilo Pangani, mji wa pwani ya Tanzania. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Mwaka uliofuata Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Lakini misafara kutoka bara haikukoma. Watu waliotekwa walifika pwani, na kwa kuwa kuwavusha kulikuwa kumekuwa kugumu, wengi walibakishwa kwenye mashamba ya huku mrima, yaani pwani ya bara. Kwenye bonde la mto Pangani walikuta miwa. Sukari na shira ya Pangani zilipakiwa majahazini, na wenye mashamba wakatajirika.

Katika mashamba ya karafuu ya Unguja kulikuwa na desturi: mtumwa alikuwa na siku zake mbili, Alhamisi na Ijumaa, za kulima kijishamba chake. Sisemi hivyo kuupaka utumwa mafuta. Utumwa ni utumwa. Ila desturi kama hiyo ilikuwa kitu ambacho mtumwa aliweza kukidai, na kinu cha miwa hakikuiheshimu, maana karai likishawekwa motoni halijui Alhamisi. Ndiyo maana miwa iliwazaa watoro. Walioweza kukimbia walikimbia, wakaenda kujenga vijiji vyao wenyewe vyenye maboma, wakavilinda kwa silaha.

Mmoja wa wenye mashamba hayo ya miwa alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi.

Jina hilo kila aliyesoma shule Tanzania analijua. Agosti 1888 Emil von Zelewski wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki alilazimisha bendera ya kampuni ipandishwe Pangani, mji ukachafuka, na Abushiri akawa kiongozi wa vita vilivyoenea pwani. Mwaka uliofuata alisalitiwa, akakamatwa, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa palepale Pangani. Ni kisa cha ushujaa, na mimi huwa nakisimulia kwa moyo wangu wote. Lakini nimekisikia kikisimuliwa mara nyingi mno bila muwa hata mmoja ndani yake, utadhani Abushiri alianza kuishi siku bendera ilipopanda. Waliokata miwa yake hawatajwi. Kuna msomaji aliyewahi kuniandikia kwamba kuwataja ni kumchafua shujaa. Sikubaliani naye hata kidogo. Mtu anaweza kupigania mji wake kwa haki, na wakati huohuo akawa bwana wa watumwa. Kumsimulia nusu ni kumfanya mtu wa kutengenezwa, na ni kuwazika mara ya pili wale waliokuwa kinuni.

Lugha imewakumbuka kidogo, kwa njia yake. Kibarua ni barua ndogo: ndicho kipande cha karatasi alichobeba mtumwa aliyekodishwa kufanya kazi ya ujira, ujira ambao sehemu yake ilikwenda kwa bwana wake. Leo mkata miwa wa msimu kwenye mashamba ya viwanda vya sukari huitwa kibarua, na ukimuuliza neno limetoka wapi atakwambia ni neno la kawaida tu.

Tangu siku ile ya guru nimebadilisha namna ya kusimulia kisa cha Pangani darasani. Naanzia nchani, pale wanafunzi wanapopajua: bendera, ghasia, kamba ya Desemba. Wanasikiliza, wengine wanamalizia sentensi zangu. Kisha nateremka, fundo moja baada ya jingine: mkataba wa 1873, kimbunga, msafara unaoshuka kutoka bara. Nikifika shinani ni usiku, moto wa makapi unawaka, karai linatokota, na mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote amesimama na upawa, anaengua povu, anasikiliza sauti ya viputo. Nawaambia wanafunzi wasikilize naye: pwa, pwa. Bado halijakolea.