Biti nyingi si usahihi: dhana potofu kuhusu kupima volti kwa kompyuta

Skrini ya laptopu ilionyesha volti 12.96. "Fundi, si hii imejaa?" mama mwenye kibanda cha kuchaji taa za wavuvi wa omena pale Dunga, Kisumu, aliniuliza. Nikagusisha nyaya za mita yangu kwenye vichwa vya betri, ikasoma 12.2. Betri ya asidi ya volti 12 iliyopumzika saa kadhaa huwa imejaa ikisoma karibu 12.7, kwenye 12.2 imebaki kama nusu. Angeendelea kuchajia taa za watu kwa imani ya ile skrini mpaka aiue betri.

Kifaa chake cha kupimia kilikuwa Arduino Uno, bodi ndogo inayosoma volti na kuzipeleka kwenye kompyuta, na watu walikwisha kumwambia shida ni hiyo: cha bei rahisi, biti 10 tu (biti ndizo huamua kipimo kinagawanywa kwa hatua ngapi), anunue cha biti 16. Hii ndiyo dhana ninayokutana nayo kila mara, na inawalia watu pesa bure.

Tufanye hesabu. Biti 10 ni hatua 1,024. Ukigawa volti 5, kipimo cha juu cha Uno, kwa hatua hizo, kila hatua ni kama milivolti 4.9. Kile kibao kidogo chenye resista mbili, kilo-omu 30 na 7.5, hupunguza volti ya betri mara tano kabla ya kuiingiza kwenye Arduino, kwa hiyo hatua moja inakuwa kama milivolti 24 za betri. Tofauti ya 12.2 na 12.7 ni hatua zaidi ya 20. Zinatosha kabisa. Biti hazikuwa na kosa.

Kosa lilikuwa kwenye jiwe la mizani. Kifaa cha aina hii hakijui volti. Kinalinganisha tu kinachoingia na volti yake ya rejea, na Uno usipoiambia vingine hutumia ile ya 5 inayotoka kwenye USB. Waya wa USB wa mama ulikuwa mrefu na mwembamba. Nilipopima, kwenye Uno ilifika 4.7. Programu ilikuwa bado inahesabu kwa 5. Ni sawa na kupima omena kwa jiwe la kilo lililomeguka: mzigo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Na hata mizani ingekuwa na alama elfu sitini, jiwe lingekuwa lile lile.

Dawa yake haikugharimu chochote cha maana. Chipu ya Uno ina rejea ya ndani ya volti 1.1. Hutofautiana kutoka chipu hadi chipu, kati ya 1.0 na 1.2, lakini kwa chipu moja hutulia hata USB ikishuka. Nikaweka resista za kilo-omu 150 na 10 ili volti ya betri ishuke chini ya 1.1, nikalinganisha mara moja na mita nzuri kupata rejea halisi ya chipu ile, nikaandika namba hiyo kwenye programu.

Simaanishi biti 16 hazina kazi. ADS1115, chipu ya kupimia ya biti 16, ina rejea yake ya ndani, na ukitaka kufuatilia milivolti chache, mfano kwenye shanti (resista ndogo sana) ya kupimia mkondo, inunue bila kusita. Ila pini zake zisipate volti inayozidi ile inayoiendesha, wengi huona "±6.144" kwenye maelezo wakadhani wanaweza kuingiza 6. Hapana, chipu inaweza kufa.

Wengine huniuliza: "Laptopu ina tundu la maikrofoni, ya nini kununua?" Kwa betri, sahau. Njia ya sauti ina kapasita inayozuia mkondo mnyoofu (DC), ule wa betri, kwa hiyo betri iliyojaa na iliyokufa zitaonekana sawa. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, nayo haina pini ya kupokea volti za analogi; lazima uiongezee chipu.

Dhana moja naomba uichukulie kwa uzito kuliko zote: kwamba ukiweka resista kubwa za kutosha unaweza kupima stima ya nyumbani moja kwa moja. Usifanye hivyo. Volti 240 zetu hufika kilele cha karibu 340, na resista hazikutenganishi na stima, zinapunguza tu. Waya mmoja ukibadilishana nafasi, au resista moja ikifunguka, stima inapita kwenye USB mpaka kwenye bodi ya laptopu na mkono ulioishika. Tumia transfoma ndogo, au moduli ya ZMPT101B ambayo ndani yake ina transfoma.

Kwa mtu anayepima kitu kimoja tu na hapendi kuandika programu, mimi humshauri atafute mita ya mkono yenye waya wa kompyuta. Nyingi hupeleka data kwa mwanga, kwa hiyo mita na kompyuta hazigusani kiumeme. Kabla ya kulipa, uliza kama unaweza kuzuia isijizime yenyewe, la sivyo utaamka asubuhi ukute grafu ya dakika chache tu.

Na kasi? Muuzaji akikutajia maelfu ya vipimo kwa sekunde, jiulize unapima nini. Betri ya sola hubadilika polepole. Kibanda cha Dunga sasa kinasoma mara moja kwa dakika, vipimo 1,440 kwa siku, na mama ameweka alama ya kalamu nyekundu kwenye ukuta: 12.2. Namba ikifika hapo, anafunga kazi mpaka jua litoke.