Oili chafu: tunayoaminishana mtaani

"Mwaga hapo, mchanga utakunywa." Kauli hii kuhusu oili chafu, yaani oili iliyokwisha kutumika kwenye injini na mashine, utaisikia kwenye gereji za Gerezani na nyuma ya viwanda vya Barabara ya Nyerere. Kweli, mchanga unakunywa. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya Dar imekalia mchanga wa pwani, nao hauzuii kitu. Oili inashuka hadi kwenye maji ya ardhini na kuelea juu yake. Masika maji yakipanda inapanda nayo, kiangazi inashuka, huku ikipaka udongo wote wa katikati. Lori la kifusi juu ya doa jeusi limeficha doa, basi. Na lita 1 inatosha kuharibu maji lita milioni 1.

"Maji ya kisima sisi tunachemsha." Kuchemsha kunaua vijidudu, madini ya risasi yaliyomo kwenye oili chafu yanabaki sufuriani. Vidonge vya klorini navyo haviondoi oili. Wengine hutegemea pua, lakini ukomo wa benzeni, kemikali ya sumu iliyomo kwenye mafuta, uliowekwa na Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, kiasi ambacho pua haikinusi kabisa.

Ila si kila utando wa rangi kisimani ni oili. Tabata tuliilaumu gereji jirani wiki nzima, mpaka mzee mmoja akachota ndoo na kuchokoa utando kwa kijiti. Ukapasuka vipande vipande kama kigae, vikabaki vimeachana: ni bakteria wa kutu, wanaoishi kwa madini ya chuma yaliyomo majini. Oili ingejizungusha na kuungana tena. Tulirudi nyumbani kimya.

Sabuni ya unga je? Inaikata oili vitone vidogo, vikafika mtaroni na Mto Msimbazi haraka zaidi.

Usafishaji wenyewe huanza kwa kuziba chanzo. Kisha udongo unachimbwa, unarundikwa juu ya zege au plastiki nzito, unachanganywa na samadi, unamwagiwa maji na kupinduliwa upate hewa. Bakteria wanaila oili kwa miezi. Risasi na zinki hawazili, hivyo udongo wenye metali hizo haurudi kwenye bustani ya mchicha hata ukinukia vizuri.

Kuhusu gharama, wengi hudhani ni mzigo wa serikali ya mtaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema mchafuzi ndiye hulipa. Kwa hiyo kabla kifusi hakijamwagwa, piga picha ya doa iwe ushahidi, nayo ionyeshe tarehe.