PHP iliyokwisha muda wake: yanayosemwa na yalivyo

Bado zipo tovuti za shule, maduka na ofisi zinazoendeshwa na PHP 7.4, toleo la lugha ya programu za tovuti ambalo mradi wa PHP uliacha kulitolea viraka vya usalama tarehe 28 Novemba 2022. Wanaozitunza wana maelezo yao. Baadhi yana mantiki, mengine ni ya hatari.

Dhana: “Toleo la zamani limejaribiwa miaka mingi, kasoro zake zimeshajulikana zote.”

Hii inanitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu inasikika kama busara. Mwaka 2012 PHP inayoendeshwa kwa njia ya CGI, yaani seva ya wavuti inapoiita kama programu ya pembeni, ilikutwa na mwanya mbaya: mshambuliaji aliweza kupachika kistari kwenye anwani ya ukurasa, na PHP ikakipokea kama mwanzo wa amri. Ukazibwa, watu wakaendelea na kazi zao.

Juni 2024 mtafiti Orange Tsai wa kampuni ya DEVCORE, Taiwan, akaonyesha kwamba kwenye Windows kiraka kile kinakwepeka. Windows ikiwa imewekwa katika lugha kama Kichina au Kijapani, hugeuza alama nyingine, ile ya kukatia neno mwishoni mwa mstari, ikawa kistari cha kawaida. Ukaguzi wa PHP unakuwa umeshapita, na amri inaingia. Mwanya huo ukapewa namba CVE-2024-4577. Miaka 12 yote ya “kujaribiwa” haikuwa imeufichua, nao ulikuwa katika kila toleo la PHP kwenye Windows. XAMPP ya Windows, kifurushi cha seva na PHP ambacho wanafunzi wengi huanza nacho, ilikuwa hatarini kwa mipangilio yake ya kawaida tu.

Viraka vilitoka katika matoleo 8.1.29, 8.2.20 na 8.3.8. PHP 8.0, 7 na 5 hazikupata chochote kutoka kwa mradi wenyewe, kwa kuwa muda wake ulikuwa umekwisha. Ndani ya siku chache wahalifu wenye programu ya utekaji iitwayo TellYouThePass walikuwa wakiutumia kufunga mafaili ya watu na kudai fidia.

Dhana: “Muda ukiisha tovuti itagoma, nitajua tu.”

Haigomi. Itafunguka kesho kama ilivyofunguka jana, bila onyo lolote. Ndiyo maana tarehe hizi lazima ziandikwe kwenye kalenda ya anayetunza mfumo.

Dhana: “Namba kubwa ndiyo itakayodumu zaidi.”

Java 9 ilitoka Septemba 2017, na Machi 2018, ilipokuja Java 10, masasisho yake yakakoma. Java 8, ya mwaka 2014, iliendelea kupewa viraka miaka mingi baadaye kwa sababu ilitengwa kuwa toleo la msaada wa muda mrefu. Python yenyewe hutunza kila toleo la 3 kwa takriban miaka 5, na PHP sasa hutoa miaka 2 ya marekebisho ya kila aina, kisha 2 ya usalama peke yake. Kila lugha ina utaratibu wake. Usikisie kwa namba.

Dhana: “Nikiona 7.4 kwenye seva, basi haina viraka.”

Hapa wakaguzi wengi hukosea. Debian 11, toleo la mfumo endeshi wa Linux, ilikuja na PHP 7.4, na wanaoitunza Debian walijipangia kuiendeleza hadi tarehe 31 Agosti 2026. Wao huchukua marekebisho ya usalama ya matoleo mapya na kuyaingiza katika 7.4, namba kubwa haibadiliki. Kwa hiyo swali la kuuliza ni nani anayekuzibia mianya, na hadi lini. Aliyeiweka 7.4 kutoka hazina ya Debian na kusasisha seva yake mara kwa mara ana jibu. Aliyepakua faili la Windows mwaka 2021 na kuliacha hapo hana.

Dhana: “Tutahama siku ikifika, ni kazi ya jioni moja.”

Python 2.7 ilikuwa ikome mwaka 2015. Mwaka 2014 ikaongezewa muda hadi 2020, kwa kuwa wengi walikuwa hawajahama, ingawa Python 3 ilikuwepo tangu Desemba 2008.

Kutoka PHP 7.4 kwenda 8 kuna mabadiliko yanayopiga kelele na mengine yasiyosema. Amri za `each()` na `create_function()` zimeondolewa, na programu inayoziita itasimama na kosa utakaloliona mara moja. Kulinganisha sifuri na neno kwa alama ya `==` ni jambo jingine: katika PHP 7, `0 == "hajalipa"` ni kweli; katika PHP 8 ni uongo. Hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini. Mfumo wa ada utafanya uamuzi tofauti na wa jana, kimya kimya. Anza kwa kutafuta kila `==` inayogusa hali ya malipo, uihamishie `===` (inayodai hata aina ya data ifanane), kisha endesha toleo jipya kwenye seva ya majaribio ukitumia nakala ya data ya muhula uliopita na ulinganishe ripoti mbili, ya toleo la zamani na ya jipya, mstari kwa mstari.