Eba haijachacha: wanayokosea wageni wetu wakikaa mezani Lagos

Wiki iliyopita sahani ya eba ilirudishwa jikoni mara mbili kwa siku moja, na mara zote mbili aliyeirudisha alikuwa mgeni wa kwetu, Afrika Mashariki. Ujumbe ulikuwa uleule: "Mwambieni mpishi ugali wake umechacha." Napika kwenye hoteli moja hapa Ikeja, jirani na uwanja wa ndege, na maneno hayo nimeyasikia mpaka yananichoma.

Eba si ugali, wala haijachacha. Inatokana na garri, yaani chenga kavu za muhogo. Muhogo unamenywa, unakunwa, unajazwa kwenye magunia na kukandamizwa siku kadhaa ili maji yatoke na uchachuke, kisha unachekechwa na kukaangwa kwenye sufuria pana mpaka ukauke. Ule uchachu unatafutwa kwa makusudi. Garri ya eneo la Ijebu inapendwa hasa kwa sababu ni chachu, na mteja wa Lagos akiikosa ladha hiyo ndiye atakayelalamika. Kuchachua huko, pamoja na kukamua na kukaanga, ndiko kunakopunguza sumu ya muhogo. Watu wa Kanda ya Ziwa wanaokula udaga, muhogo uliochachuliwa, hawana haja ya kuelezwa haya. Basi tofautisheni kilichochachuliwa na kilichoharibika. Mtindi mnakunywa, togwa mnakunywa. Eba imewakosea nini?

Mwingine anadai ni mbichi, kwa kuwa kasikia haikusongwa motoni. Haihitaji kusongwa. Garri ilishaiva kwenye kikaango, kwa hiyo mimi naimwaga kwenye maji yaliyochemka, nafunika kidogo, nageuza kwa mwiko, basi. Ikiwa ya manjano, mara nyingi imetiwa mawese, hakuna rangi ya dukani humo.

Kosa kubwa zaidi ni kuitafuna. Wenyewe wanaviita vyakula vya aina hii "swallow", yaani vya kumeza, na hawatanii. Kata tonge dogo, dogo kuliko la ugali, libonyeze, lichovye kwenye mchuzi mpaka liteleze, meza. Ukilitafuna litakunata kwenye meno na utasema chakula kibaya. Na uma weka kando, hata kama mhudumu kakuletea kwa heshima ya hoteli. Omba bakuli la kunawa.

Kama uchachu huuwezi kabisa, agiza iyan, viazi vikuu vilivyochemshwa na kutwangwa. Ni laini na haina uchachu. Lakini uliza kwanza: ya kutwanga au ya unga wa pakiti? Hoteli nyingi hutumia unga kwa haraka. Mimi namshauri kila mgeni asubiri ya kutwanga, hata kama itachelewa. Amala nayo haijaungua. Unga wake ni wa viazi vikuu vilivyokaushwa, na ukikutana na maji ya moto unakuwa kahawia iliyokolea. Kula amala na ewedu, majani ya jamii ya mlenda wetu, na utajisikia uko nyumbani.

Halafu hili la supu. Ukiona supu ya egusi kwenye menyu usifikirie supu na chapati ya asubuhi. Egusi ni mchuzi mzito wa mbegu za jamii ya tikiti, na unaliwa na tonge. Ukitaka kitu cha kunywa kwa kijiko, agiza "pepper soup" ya mbuzi au kambare, ila jiandae kwa pilipili.

"Nitoleeni pilipili" haiwezekani. Nyanya, vitunguu, tatashe, ambayo ni pilipili nyekundu kubwa, na ata rodo, ambayo ni ndugu wa pilipili mbuzi, vinasagwa na kukaangwa pamoja kabla ya mengine yote, na wali wa jollof unaivia humo humo. Ukisema "kidogo", kidogo cha hapa bado kitakutoa machozi. Agiza kinachopikwa papo hapo: samaki wa kuchoma asiyepakwa kitu, ndizi za kukaanga, mayai.

Bei ya kwenye menyu mara nyingi haijakamilika. VAT ni asilimia 7.5, Jimbo la Lagos lina kodi yake ya asilimia 5 kwa mahoteli na migahawa, na kama hoteli inatoza huduma ya asilimia 10, sahani ya naira 10,000 inafika 12,250. Mhudumu hajakuibia, msimfokee.

La mwisho ni la afya. Crayfish ya hapa ni uduvi mkavu uliosagwa, na unaingia karibu kila mchuzi, hata wa mboga za majani. Suya, mishikaki ya hapa, nayo inapakwa viungo vyenye karanga. Kama kamba au karanga zinakudhuru, sema kabla oda haijaandikwa, kwa sababu mchuzi wa mchana naunga tangu asubuhi na uduvi ukishaingia sufuriani siwezi kuutoa.